Kila mtu na hamsini zake, chini ya bati moja

SWALI: Mimi na mume wangu tulifunga ndoa kanisani mwaka 2009. Tunaishi Ipagala, Dodoma, na tuna watoto watatu, wa miaka 14, 9 na 6. Huu ni mwaka wa tatu tunalala vyumba tofauti. Hatupigani wala hatugombani, ila hatuongei isipokuwa ada, LUKU au mtoto akiumwa. Jumapili tunakaa benchi moja kanisani, tukirudi kila mtu na hamsini zake. Talaka hatuitaki, yeye kwa ajili ya kazi na ukoo wake, mimi kwa ajili ya watoto na nyumba. Sasa mwezi uliopita ameniletea fomu ya benki nisaini, anataka mkopo kwa hati ya nyumba. Hati ni ya zamani ya CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), ina jina lake peke yake. Tunaweza kuendelea kuishi hivi bila kuumizana? Na nikisaini au nikikataa, haki yangu ikoje? – Mama wa watatu, Ipagala

JIBU: Dada, tuanze na fomu, maana ndiyo yenye haraka. Hayo mengine yamekaa miaka mitatu, yanaweza kusubiri kidogo.

Nyumba mnayoishi kama mume na mke ni nyumba ya ndoa, na jina lililoandikwa kwenye hati halibadilishi hilo. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingali hai. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inamtaka anayeweka rehani aseme kama ana mwenza, na inamtaka mkopeshaji ajiridhishe. Kwa hiyo mumeo hakukuletea fomu kwa hisani. Benki imemtuma, kwa sababu rehani isiyo na ridhaa yako ina ufa na wao wanalijua hilo.

Walioachana kimoyo husaini fomu hizi kwa sababu moja ambayo haina uhusiano wowote na pesa: hawataki kuvunja ukimya. Kusaini ni dakika mbili, kuuliza ni ugomvi wa wiki nzima. Lakini mkopo ukikwama, notisi itakuja kwenye nyumba hiyo hiyo na dalali wa mnada atabandika tangazo kwenye geti hilo hilo, na hoja yako kubwa kuliko zote, kwamba hukuridhia, utakuwa umeshaitoa kwa mkono wako.

Kabla ya kusaini chochote, omba kuiona barua ya ofa ya mkopo, siyo fomu ya ridhaa peke yake. Angalia kiasi, riba, idadi ya miezi, rejesho la kila mwezi na bima ya mkopo. Kisha uliza swali ambalo wengi hawaliulizi: je, rehani hii inalinda mkopo huu tu, au na mikopo mingine atakayoongeza baadaye? Kuna mikataba ya rehani iliyoandikwa kulinda deni lolote la mkopaji kwa benki hiyo. Unaridhia milioni 20 leo, keshokutwa anaongeza kwa saini yake peke yake. Mpelekee karatasi hizo mwanasheria unayemchagua wewe. Wa benki anailinda benki, na yule atakayekuja na mumeo amekuja na mumeo.

Ukikataa, kataa kwa maandishi. Barua fupi kwa meneja wa tawi: wewe ni mke wa fulani, nyumba iliyopo kiwanja namba fulani ni nyumba ya ndoa, hujaridhia iwekwe rehani. Ambatisha kopi ya cheti cha ndoa, na ile kopi inayobaki kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala nyingine mpe mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu mikopo mingi ya nyumba hupitia barua ya serikali ya mtaa, na hapo ndipo baadhi ya waume huandikisha kwamba hawana mke au wametengana. Kumdanganya mkopeshaji kuhusu mwenza ni kosa la jinai.

Hatua yenye nguvu zaidi ni kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Kifungu hicho hicho cha 59 kinakutambua kama mtu mwenye maslahi yanayoweza kulindwa kwa njia hiyo. Ila fanya upekuzi kwanza, yaani uombe kwa msajili taarifa za hati hiyo. CDA ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikachukuliwa na Manispaa, ambayo leo ni Jiji, na hati nyingi za CDA zilikuwa za miaka 33. Kuna waliokwenda kuzibadilisha na kuna ambao hadi leo wameziweka kabatini. Upekuzi utakuonyesha kama hati mnayoifahamu ndiyo iliyo hai, kama imeshabadilishwa, na kama tayari kuna deni juu yake. Zuio likiwekwa kwa namba ya hati iliyokwisha kufutwa halizuii kitu.

Usinielewe kwamba mkopo ni mbaya. Kama anamalizia fremu za biashara, na rejesho linaingia kwenye mshahara wake bila kula sehemu anayochangia nyumbani, kuna sababu ya kuridhia. Nitarudi kwenye fomu hii mwishoni, maana ina kazi nyingine.

Sasa hali yenu. Watu huiita talaka ya kimyakimya, lakini jina hilo linadanganya, kwa sababu sheria haioni talaka yoyote hapo. Ndoa inakwisha kwa kifo au kwa amri ya mahakama. Hata kutengana, iwe kwa makubaliano au kwa amri ya mahakama, kunawaondolea wajibu wa kuishi pamoja tu, ndoa inabaki. Nanyi hata kutengana huko hamjafika. Kwa macho ya sheria, ninyi ni mume na mke kamili mnaolala vyumba viwili.

Hilo lina faida zake na gharama zake. Wajibu wa mumeo kukutunza haujakoma. Akifariki kesho, wewe ni mjane, siyo "yule waliyekuwa wameshaachana", hata kama shemeji zako watakuja na maneno hayo kwenye matanga. Ndoa yenu ya kanisani ni ya mke mmoja, hivyo ndoa yoyote atakayofunga na mwingine ni batili, na mwanamke atakayeishi naye miaka miwili au kumi hawezi kuitegemea ile dhana ya kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa, kwamba walioishi pamoja miaka miwili huchukuliwa kuwa mume na mke, kwa sababu mwanamume ana ndoa hai. Lakini kamba hiyo inakufunga na wewe pia. Ukianzisha uhusiano nje, ule ni ugoni, na sheria inamruhusu mumeo kumdai fidia huyo mtu wako. "Tulishaachana kimoyo" siyo utetezi.

Gharama kubwa iko kwenye mali. Mahakama inapata nguvu ya kugawa mali ya pamoja pale tu inapotoa amri ya talaka au ya kutengana. Mkiishi hivi miaka kumi, hakuna atakayewagawia. Na katika miaka hiyo mmoja ananunua kiwanja Mtumba, mwingine anaweka pesa kwenye kikoba, na siku ya kugawana ikifika kila mmoja anasema hiki nilikipata baada ya kuachana. Baada ya kuachana lini? Hakuna tarehe.

Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi ya nyumbani inahesabika kama mchango. Usimwache mtu akwambie hukuchangia kwa kuwa hukununua saruji. Lakini mahakama hupima ushahidi. Tafuta bahasha moja uweke kopi ya hati, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za ujenzi, miamala ya simu uliyomlipa fundi au ada, na picha za nyumba ikiwa kwenye msingi na kwenye linta. Bahasha hiyo isikae nyumbani.

Umeuliza kama mnaweza kuendelea hivi bila kuumizana. Mnaweza kwa muda, mkiacha kuishi kwa kubahatisha. Kinachowaumiza siyo vyumba viwili. Ni kwamba kila mmoja ana sheria zake kichwani ambazo mwenzake hajawahi kuambiwa, na anakasirika zikivunjwa. Wewe unadhani mmekubaliana asilete mtu nyumbani. Yeye anadhani mmekubaliana usimuulize alikotoka. Hakuna aliyekubali lolote.

Andikeni makubaliano. Kurasa mbili zinatosha, kwa Kiswahili cha kawaida, tarehe juu, saini chini na shahidi mmoja kila upande. Shahidi asiwe mama mkwe wala mchungaji wenu. Tafuteni watu wanaojua kunyamaza. Sheria ya Ndoa inatambua makubaliano ya mume na mke kuishi mbalimbali. Yenu, kwa kuwa mko nyumba moja, yatakuwa dhaifu kidogo yakifika mahakamani, lakini yatakupa kitu ambacho leo huna: tarehe. Kutengana kwa hiari kwa miaka mitatu ni moja ya mambo ambayo mahakama huyatazama inapopima kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na watu walio chini ya bati moja hupata taabu sana kuithibitisha miaka hiyo bila karatasi.

Kwenye pesa, epukeni mtindo wa "wewe chakula, mimi umeme". Unaonekana wa haki mwezi wa kwanza, kisha unga unapanda bei na umeme haupandi. Wekeni fungu moja la nyumba, kila mmoja achangie kwa uwiano wa kipato. Tuseme matumizi ya mwezi ni shilingi 620,000: chakula 320,000, dada wa kazi 80,000, nauli na mahitaji madogo ya shule 90,000, LUKU na maji 70,000, gesi 60,000. Tuseme yeye anaingiza 900,000 na wewe 450,000. Uwiano ni mbili kwa moja, basi yeye atoe 410,000 na wewe 210,000. Pesa ziingie kwenye laini moja ya simu kabla ya tarehe 3, na matumizi yatoke humo humo ili taarifa ya miamala iwe ndiyo daftari lenu. Ada na matibabu makubwa yawe na hesabu yake pembeni, kwa uwiano ule ule. Akiwa mtumishi na bima ya afya inatoka kwenye mshahara wake, andikeni kwamba wewe na watoto mnabaki kwenye kadi; kuna wanaoondolewa kimya na kuja kujua wakiwa dirishani hospitali.

LUKU, nakuomba usiidharau. Kwenye nyumba za namna hii ugomvi mwingi huanzia uniti zilizoisha saa tatu usiku, kila mmoja akingoja mwenzake anunue. Nunueni mara moja kwa mwezi kutoka kwenye fungu, mmalize.

Vyumba: nani yuko kipi, kubisha hodi, nani anatumia sebule usiku. Wageni: ndugu wa upande wowote ataletwa kwa taarifa ya siku ngapi, na atalala wapi, maana mgeni mmoja kutoka Kongwa akikuta kitanda chumba cha pili, habari itafika kabla hajarudi. Hayo ni mistari michache tu.

Kitanda ndicho watu wanachokiruka kwa aibu, na ndicho kinachorudisha vurugu. Semeni wazi: tendo la ndoa limesitishwa, au halijasitishwa. Kama limesitishwa, kurudi iwe kwa maneno ya wote wawili, siyo kwa mmoja kuingia chumbani usiku akiwa amekunywa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inahesabu kuwa ubakaji pale mwanamume anapomwingilia mke aliyetengana naye bila ridhaa yake, na hapo tena karatasi yenye tarehe ina uzito wake. Na mkiamua kurudiana baada ya kipindi ambacho hakuna anayejua mwenzake alikuwa wapi, mkapime wote wawili VVU, mrudie baada ya miezi mitatu, na katikati mtumie kondomu. Kupima peke yako halafu kudhani majibu yako ni ya wawili ni kosa la kila siku.

Kuhusu watu wa nje siwezi kuwaandikia ruhusa ambayo sheria haitoi. Chini kabisa wekeni hili: hakuna anayeletwa nyumbani, hakuna anayetambulishwa kwa watoto, na hakuna senti ya fungu la nyumba inayokwenda huko.

Halafu mwisho wake. Makubaliano yasiyo na kikomo huoza. Yapeni miezi sita, mkae tena siku iliyotajwa, maamuzi yawe matatu tu: tunaongeza miezi sita mingine, tunatafuta msuluhishi ili turudiane, au tunakwenda kwenye vyombo vya sheria. Januari isiwe siku hiyo. Ada na sare zimeshawakausha na kila mtu ana hasira ya pesa.

Watoto. Huyo wa miaka 14 anajua, tena anajua zaidi ya unavyodhani. Wa miaka 9 anahisi na anajilaumu. Wa miaka 6, kama analala kwako, jiulize kwa ukweli ni nani anayemhitaji mwenzake kitandani. Katika nyumba hizi mtoto mdogo mara nyingi hugeuzwa ukuta, na siku akianza kukojoa kitandani upya au kuumwa tumbo kila Jumatatu, watu humtafutia minyoo. Waambieni wote watatu siku moja, wazazi wote wawili mkiwepo, kwa sentensi chache: baba na mama tumeamua kulala vyumba tofauti, tunaendelea kuwalea pamoja, halikusababishwa na ninyi, mkiwa na swali, mwulizeni yeyote kati yetu. Basi. Msieleze nani alikosa nini. Na kuanzia siku hiyo "mwambie baba yako" ife. Ujumbe wa pesa utoke simu kwa simu. Mtoto wa miaka 14 aliyefanywa tarishi hujifunza upesi kuongeza chake katikati, na msimlaumu.

Dada wa kazi naye ana macho. Asipike meza mbili, na asiulizwe na yeyote mwenzake alirudi saa ngapi.

Yote haya yanafaa kwenye nyumba isiyo na vitisho. Siku akikupiga, akikunyang'anya simu au kukufungia nje, acha makubaliano, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na utibiwe siku hiyo hiyo. Sheria ya Ndoa inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko.

Na mkifika mahali pa kutafuta talaka, mlango wa kwanza ni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la dini yenu lililotambuliwa na serikali. Baraza linawaita wote wawili, linajaribu kuwapatanisha, likishindwa linatoa cheti. Mashauri mengi huanguka hapa, kwa makosa yale yale. Mtu anapeleka barua ya mchungaji au muhtasari wa kikao cha ukoo akidhani ndicho cheti. Au baraza limemsikiliza mmoja tu bila kuonyesha kwamba mwingine aliitwa. Au baraza limejiandikia kwamba limewaachanisha na limegawa na nyumba, mamlaka ambayo halina. Au cheti ni sahihi lakini kimekaa kabatini; ombi la talaka linatakiwa kufunguliwa kabla cheti hakijapita miezi sita. Ombi linaweza kufunguliwa kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Kwa mtoto wako wa miaka 6, sheria inaanza na dhana kwamba aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Wakili akiwa ghali, ofisi ya ustawi wa jamii itakuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria, ambao huduma yao ni bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Amri ya mahakama haiwafungi viongozi wa kanisa lenu. Hilo mtalimaliza nao kivyake.

Imebaki namna ya kulianzisha, na hapa ndipo fomu inaporudi. Kwa miaka mitatu hakuwa na haja ya kukaa na wewe mezani. Sasa anayo. Usiifanye kuwa kitisho, wala usimjibu kwa ujumbe wa simu. Chagua Jumamosi asubuhi watoto wakiwa mazoezi ya kwaya au kwa jirani, mkae mezani, siyo chumbani, umwambie: "Baba fulani, fomu nimeiona. Niletee na barua ya ofa, tuisome pamoja. Na siku hiyo hiyo tuandike na tunavyoishi humu ndani." Atanuna. Mpe wiki mbili. Akija na barua ya ofa, njoo na karatasi mbili tupu na kalamu.